YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI YETU ILIYOKATWA JEDWALI

Kwa Meneja,
Kampuni ya Uchapaji na Steshenari,
Moshi Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Alhamisi iliyopita nilileta kwenye tawi lenu flashi yenye ripoti ya mwaka ya chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa, kurasa 46, ili mtoe nakala 20 na kuzibaindi kwa spairo. Kurasa zote zilikuwa za wima isipokuwa tatu, ya 19 hadi ya 21. Hizo zilikuwa za mlalo kwa sababu zimebeba jedwali la mauzo lenye safu 11, na jedwali la namna hiyo halienei kwenye upana wa A4 iliyosimama, milimita 210. Linataka zile 297.

Faili lilitoka kwangu likiwa sawa. Kabla ya jedwali niliweka kikomo cha sehemu (section break), yaani alama inayotenga kurasa za mpangilio mmoja na za mwingine, na baada yake kingine, maana programu ya Word hugeuza sehemu, haigeuzi ukurasa mmoja mmoja. Kijana wenu wa kaunta akaona ile mistari ya nukta nukta, akasema, "Mama, faili lako lina uchafu, ngoja nikusafishie." Akafuta kikomo cha kwanza. Kurasa 18 za mwanzo zikalala kama migomba iliyopigwa na upepo. Badala ya kurudisha alichofuta, akafuta na cha pili. Hapo kila kitu kikasimama, jedwali nalo likiwemo, naye akanigeuzia kioo: "Umeona, zimenyooka."

Mpangilio wa sehemu hukaa kwenye kikomo kinachoifunga. Ukikifuta, maandishi ya juu yake yanachukua umbo la yale ya chini. Anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kulijua hilo, au basi abonyeze Ctrl na Z kurudisha alichofuta. Nakiri sikukagua nakala. Hiace ya Marangu ilikuwa inajaa.

Jumamosi, kwenye mkutano mkuu, safu tatu za kulia hazikuwepo. Ya mwisho ilikuwa malipo ya pili. Ndugu Meneja, mkulima wa kahawa akishapokea malipo ya awali, macho yake yote yako kwenye ya pili. Mzee mmoja alifunua ukurasa wa 19, akapitisha kidole kutoka kwenye jina lake hadi ukingoni, akageuza karatasi aone kama safu zimeendelea huko nyuma. Kisha akauliza mbele ya watu wote: "Katibu, hela yetu mmeipeleka wapi?" Nilisimama saa nzima nikisoma safu hiyo kwa sauti, mkulima mmoja mmoja, na bado wapo walioondoka wakinong'ona.

Juzi nilipopiga simu nikaambiwa mashine ndiyo iliyokata. Mashine ilichapa ilichopewa.

Mlitutoza Sh. 100 kwa ukurasa na Sh. 2,000 kwa kila spairo, jumla Sh. 132,000, risiti nimeambatisha. Nataka nakala 20 nyingine, bila malipo, kabla ya Ijumaa, zitolewe kwenye PDF iliyomo kwenye flashi hiyohiyo, ambayo nilimwonyesha kijana akasema haina haja. Ikishindikana, mturudishie fedha yote pamoja na nauli.

Flashi bado iko kwenye droo ya kaunta yenu, ina kamba nyekundu. Tafadhali msiisafishe.

Wenu,
Katibu wa chama,
Marangu.