Saa 3 iliyopita sio saa 3 zilizopita

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi natengeneza tovuti hapa Morogoro, mwaka wa sita sasa, na kinachoniuma ni yale maneno ya kijivu chini ya kichwa cha habari, yale yanayokwambia habari imetoka muda gani.

Mwezi uliopita shangazi yangu alikuwa Korogwe na viroba viwili vya dagaa anataka kwenda Handeni, akafungua simu akakuta kwenye tovuti moja ya habari kwamba mvua imekata barabara na magari hayapiti, chini yake imeandikwa "saa 3 iliyopita". Muda huo ni saa kumi na moja jioni. Yeye akasoma kama anavyosoma mtu yeyote mwenye Kiswahili chake, yani saa tatu ile ya asubuhi, akahesabu akaona toka asubuhi mpaka sa hivi watakuwa washatengeneza, akapanda gari. Kalala njiani, dagaa wamelowa wote. Aliponipigia kesho yake aliniuliza, "hivi mwanangu, nyie mnaoandika haya mambo mnamwandikia nani?"

Nikaingia kwenye ule ukurasa nikauangalia kwa ndani. Aliyeutengeneza kaweka "iliyopita" kwa kila kitu, dakika 5 iliyopita, siku 2 iliyopita, mwaka 1 iliyopita. Kwa Kiingereza inawezekana maana neno lao la mwisho halibadiliki, lakini sisi tuna ngeli jamani, ni dakika 1 iliyopita ila dakika 5 zilizopita, mwezi 1 uliopita ila miezi 2 iliyopita. Na kwenye saa ndo balaa kabisa kwa sababu "saa tatu iliyopita" ni saa ya ukutani na "saa tatu zilizopita" ni muda uliokatika, herufi chache tu zinamlaza mtu porini.

Halafu nikakuta kubwa zaidi. Ile habari, shangazi alipoisoma, ilikuwa haina hata dakika kumi toka itoke! Seva, ile kompyuta inayoishikilia tovuti, inatunza muda kwa UTC, yani saa ya dunia nzima, sisi tuko mbele yake masaa matatu, na yule bwana hakuweka ile herufi Z mwishoni mwa muda inayoiambia simu kwamba huu ni UTC, kwa hiyo simu ikadhani ni muda wa hapa na habari mbichi ikazaliwa na masaa matatu. Ukiona tovuti ya huku ambayo kila habari mpya ina masaa matatu, ujue ni hiyo.

Na dawa ipo, haina gharama. Vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti, vina kitu kinaitwa Intl.RelativeTimeFormat cha kuandika maneno haya ya muda, Chrome inacho toka toleo la 71 mwaka 2018, ukikipa "sw", yani Kiswahili, kinapanga ngeli chenyewe, na ukikiwekea ule mpangilio wa numeric uwe auto kinaandika "jana" badala ya siku 1 iliyopita. Kuna maktaba moja ya JavaScript, yani kodi iliyoandikwa tayari ya kuchomeka kwenye tovuti, inayotumika sana mpaka leo, Kiswahili chake kinatoa "tokea masaa 3" na saa moja inaita "saa limoja", watu wanaichomeka hivyohivyo bila kuisoma. Someni kwanza! Kama huna uhakika mpe mama yako asome.

Ombi langu kwa wenzangu na kwa wenye magazeti pia: habari ya barabara, ya kivuko, ya mvua, ya hospitali, msiiachie maneno ya kukadiria peke yake. Mtu anaweza kuufungua ukurasa asubuhi akaja kuusoma usiku bando limeisha, na yale maneno bado yanasema dakika 10. Pembeni yake andikeni wazi, leo saa 11:05 jioni, kwa saa yetu ya Kiswahili.

Msomaji wako,
Morogoro