Gari likiwa na waranti, risiti ya sevisi isomeke hivi

Mhariri,

Wanaonunua magari mapya kwa mawakala huuliza swali lile lile kabla hata ya kilomita 5,000 za kwanza: nikifanya sevisi kwa fundi wangu wa mtaani, waranti inakufa? Inategemea mambo mawili: kitabu cha waranti kimeandika nini, na wewe utakuwa na nini cha kuonyesha siku injini ikigoma. Watu hubishana sana juu ya la kwanza na kulisahau la pili.

Magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, hayahusiki hapa. Waranti ya kiwanda cha huko haivuki bahari pamoja na gari. Anachokupa mwenye yadi ni ahadi yake mwenyewe, kwa kawaida ya injini na giaboksi kwa muda mfupi. Kama haimo kwenye mkataba wa mauzo, hesabu kwamba huna.

Mitandaoni pia hunukuliwa sheria ya Marekani ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kumlazimisha mteja atumie spea au sevisi ya jina lake ili waranti iendelee, isipokuwa akizitoa bure. Ni kweli, ila ni sheria ya Marekani. Na hata huko, mwenye gari asiye na kumbukumbu za sevisi yuko pabaya. Hapa kwetu utakachosomewa kwanza ni kitabu ulichopewa pamoja na ufunguo, kwa hiyo kisome kabla wakala hajakusomea.

Msimamo wangu ni huu: sevisi za ratiba fanya kwa wakala hadi waranti iishe, ambayo kwa magari mengi ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Hilo la kutangulia linawaponza wengi kwenye sevisi pia. Gari lililokaa uani mwaka mzima likatembea kilomita 4,000 tu bado limefikia sevisi yake ya miezi. Vitu vinavyolika, yaani tairi, waipa, balbu na breki pedi, kwa kawaida havimo kwenye waranti, hivyo hakuna sababu ya kuvilipia bei ya wakala. Naye wakala akikuongezea dawa ya kusafishia injini au kuosha nozeli, muulize iko ukurasa gani wa ratiba. Mara nyingi haipo.

Kuna walio mbali. Mtu wa Sumbawanga hawezi kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 300, kwa ajili ya kumwaga oili. Huyo amwandikie wakala barua pepe kabla ya sevisi, aombe ridhaa ya kufanyia gereji iliyo karibu kwa oili na filta za wakala mwenyewe, kisha atumiwe mzigo kwa basi. Ridhaa ya simu haina thamani siku ya madai.

Sasa risiti. Iwe ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na pamoja nayo fomu ya kazi yenye tarehe, namba ya gari, namba ya chasi, kilomita za siku hiyo, namba ya spea ya filta, daraja la oili na lita zilizoingia. “Sevisi ndogo” peke yake haithibitishi kitu. Karatasi ya EFD hufifia kwa joto, na ukiiacha kwenye dashibodi utabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyo hiyo. Hesabu nazo zikubaliane: Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.4 hubeba takribani lita 7.5 za oili pamoja na filta. Risiti yenye dumu moja la lita 5 inamwambia mkaguzi kwamba injini ilitembea na upungufu, au kwamba risiti ni ya gari jingine.

Makosa yanayoua injini gereji ni machache na yanajulikana. Raba ya filta ya zamani hubaki imeganda kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake. Presha ikipanda raba mbili huteleza, na oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Bolti ya kumwagia oili hukazwa kwa nguvu za mkono mpaka uzi wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya alumini unakatika, au washa ya zamani, ile pete ya bolti, inarudishwa, ikaanza kuvuja. Giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, hutiwa ATF ya kawaida, oili ya giaboksi nyingine za otomatiki, mkanda wake wa chuma unateleza na kuanza kujisaga. Kulanti ya kijani huchanganywa na ya pinki, ikatokea tope linaloziba rejeta. Dizeli yenye kichujio cha moshi hutiwa oili yenye majivu mengi, kichujio kikaziba. Katika yote haya kiwanda hakikulipi, na kina haki. Aliyefanya kosa ndiye wa kulipa, kwa hiyo chagua gereji yenye anwani, yenye uwezo wa kulipa, yenye spana ya kupimia torki na inayofungua dumu la oili mbele yako.

Jambo jingine ni kifaa cha kufuatilia gari ambacho benki hutaka kwenye gari la mkopo. Fundi akikata waya na kuunga kwa selotepu, umeme wa gari zima unaweza kutolewa kwenye waranti. Mwambie wakala akifunge, au akubali kwa maandishi kifungwe kwa soketi bila kukata waya.

Wakala akikataa madai, usipokee kauli ya “ulifanya sevisi nje” na kuondoka. Mota ya kioo cha mlango haifi kwa sababu ya oili. Taka sababu kwa maandishi, picha za kifaa kilichoharibika na maelezo ya jinsi sevisi hiyo ilivyosababisha uharibifu huo. Usiruhusu vifaa vya zamani vitupwe, na chukua filta ya oili iliyotolewa pamoja na chupa safi ya sampuli ya oili. Mkaguzi asiye wa upande wowote anaweza kuikata filta na kuona kama kuna chembe za chuma. Kwa Tanzania, malalamiko yakigota hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, iliyo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Wakenya wana Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012. Kote huko utaanza kwa kuulizwa karatasi zako.

Fundi na mkaguzi wa magari,
Dar es Salaam