Barua kwa Dada: Maana ya 44

Manchester, Uingereza

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali unifikishie shikamoo kwa Mama na kwa Baba Mdogo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bado hatujazoeana. Picha ya karatasi ya majibu ya Baba Mdogo, ya kipimo cha ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaoharibu ubongo polepole, ilinifikia Jumapili usiku, pamoja na swali lako: hiyo 17/44 ni nini, na mbona daktari aliieleza kwa dakika tano tu? Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Kazi yangu ya maabara hunikutanisha na karatasi za namna hiyo mara kwa mara, lakini hii ni ya kwanza yenye jina la ukoo wetu.

Kila binadamu ana jeni iitwayo HTT katika kromosomu ya 4, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ndani yake pana mahali ambapo herufi tatu za DNA, yaani C, A na G, zimeandikwa mfululizo bila nafasi katikati: CAGCAGCAG. Karatasi inasema kwamba nakala moja ya Baba Mdogo ina marudio 17, na hiyo haina neno, bali ile nyingine, ambayo bila shaka ilitoka kwa Babu, ina 44. Mwenye marudio 26 au pungufu hana la kuhofia. Kuanzia 27 hadi 35 mtu mwenyewe haugui, ingawa anaweza kumrithisha mtoto idadi kubwa kuliko yake. Kati ya 36 na 39 wapo wanaougua na wapo wanaofika uzeeni salama. Ikifika 40 na kuendelea, ugonjwa wa Huntington huja, mradi mtu aishi umri wa kawaida.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo utanielewa nikisema hivi. Mwanafunzi akinakili ubaoni sentensi yenye maneno tofauti hapotei, kwa kuwa kila neno linamwonyesha alipofikia. Mpe neno moja, "pole", lililoandikwa mara arobaini mfululizo, na akiinua macho mara moja tu hatajua kama amefika la ishirini au la ishirini na tatu. Seli inaponakili au kurekebisha DNA yake hupatwa na jambo hilo hilo: uzi mmoja huteleza, kipande hujikunja pembeni kama kitanzi, na protini ambazo kazi yake ni kurekebisha makosa, mojawapo ikiitwa MSH3, badala ya kukiondoa kitanzi hukishonea ndani. Marudio yakawa yameongezeka. Na kadiri yalivyo mengi ndivyo yanavyozidi kuteleza, ndiyo maana mwenye 17 hukaa na 17 zake maisha yote.

Hapo ndipo ninapoielewa historia ya nyumba yetu. Babu alianza kutetemeka akiwa amepita miaka sitini, watu wakasema ni uzee. Baba alianza akiwa na miaka arobaini na mitano. Katika ugonjwa huu ongezeko kubwa hutokea hasa mbegu za kiume zinapotengenezwa, kwa hiyo jeni ikipitia kwa baba huweza kumfikia mtoto ikiwa ndefu zaidi, na ikiwa ndefu zaidi dalili huja mapema zaidi. Watu walipoona mtoto anaugua akiwa na umri mdogo kuliko baba yake walisema laana inaongezeka makali. Kuna kitu walikiona, hata kama walikipa jina lisilo lake. Magonjwa mengine ya marudio yana tabia zake: kuna lile la kromosomu ya X liitwalo Fragile X, lenye herufi CGG, ambalo marudio yake hukua yakipitia kwa mama na kuifunga jeni kabisa yakizidi 200, na kuna ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa neva unaoharibu mwendo, ambayo haimpati mtoto mpaka arithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili.

Uliuliza pia mbona Baba alikuwa na afya njema muda mrefu ilhali alizaliwa nayo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025 umetoa mwanga hapo: katika sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, marudio huendelea kukua ndani ya seli zenyewe kwa miongo mingi, na seli huonekana kuharibika yakishapita kama 150. Yaani Baba alipokuwa akitupeleka shule kwa miguu, hesabu ilikuwa inapanda kimyakimya.

Siwezi kuisahau siku ile alipoteremshwa kwenye matatu pale Muthurwa kwa kudhaniwa mlevi, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe. Tafadhali mwambie Mama kwamba Baba hakurogwa, wala si kosa la ndoa yao. Daktari wa Marekani, George Huntington, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1872, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1993, baada ya watafiti kuzifuatilia kwa miaka mingi familia za kando ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Anayekuambia ni ugonjwa wa Wazungu, mwambie kwamba upo hata mmoja unaofanana nao sana, unaotokana na jeni iitwayo JPH3, ambao karibu wagonjwa wake wote wanaojulikana wana asili ya Kiafrika.

Sasa yanayotuhusu sisi. Hiyo 44 ni ya Baba Mdogo. Haisemi Baba alikuwa na ngapi, wala sisi tuna ngapi. Kila mmoja wetu ana nafasi nusu kwa nusu, na kila mmoja anarushiwa sarafu yake peke yake. Usihesabu kwamba tukiwa wanne basi wawili wamepata na wawili wamepona.

Kuhusu kumpeleka mwanao apimwe, nakuomba usifanye hivyo. Ana miaka kumi na sita, haonyeshi dalili, na kanuni inayofuatwa ni kusubiri hadi mtu afike miaka 18 aamue mwenyewe. Zipo dawa za kupunguza mitikisiko, kama tetrabenazini, ambayo inafaa umuulize daktari kwa ajili ya Baba Mdogo, lakini hakuna iliyoidhinishwa ya kuusimamisha ugonjwa, kwa hiyo kupimwa leo hakutamkinga mtoto na chochote. Zaidi ya hayo, wewe mwenyewe kama hukurithi, yeye hawezi kuwa nayo.

Mimi nimeomba nipimwe. Huku hawachukui damu kabla hujazungumza na mshauri zaidi ya mara moja, na nina ruhusa ya kuahirisha hata siku ya kupokea majibu. Mama asijue kwa sasa. Nawe, Dada, usiniulize yametoka lini, nitakupigia mwenyewe.

Mdogo wako