Ruzuku ya maafa isiishie stoo

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari ya wiki iliyopita, kwamba serikali imetoa ruzuku nyingine ya kuimarisha maandalizi ya dharura mkoani kwetu, nimeirudia mara tatu nikitafuta jambo moja: nani atavitunza vitakavyonunuliwa, na nani atafundishwa kuvitumia. Sikuliona. Nilichokiona ni orodha ya redio za mawasiliano, jenereta, mahema na boti.

Boti, Mhariri! Boti tunayo tangu ruzuku iliyopita.

Mimi ni mmoja wa waliojitolea kutoa huduma ya kwanza mtaani kwetu. Usiku ule mto ulipovunja kingo, saa nane maji yalikuwa yamefika kiunoni, na jirani yangu, mzee mwenye pumu, alikuwa amepanda juu ya meza na wajukuu wake wawili. Nikapiga simu ya dharura. Aliyepokea akaniambia mtaa wetu uko upande wa wilaya ya pili, nipige huko. Huko nako wakaniambia boti ni mali ya mkoa, imehifadhiwa stoo, na mwenye ufunguo amesafiri. Kufuli lilikuja kuvunjwa kukipambazuka. Tukaikuta boti nzima kabisa, mashine yake bado imevikwa nailoni ya kiwandani, mpira wa kupitishia mafuta haupo, na kati ya watu kumi na wawili tuliosimama pale hakuna hata mmoja aliyewahi kuiwasha. Redio zilikuwa kwenye makasha yake, betri zimekufa kwa kukaa bila kuchajiwa. Yule mzee tulimtoa juu ya mlango tulioung'oa kwenye bawaba, vijana wanne wakiogelea na kuusukuma. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kwa karibu saa tano alihangaika kuvuta pumzi, wajukuu wakimpepea kwa kifuniko cha sufuria, ilhali chombo cha kumwokoa kimefungiwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwake. Kila nikisikia neno ruzuku, nakiona kile kifuniko.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sababu zinajulikana. Mara nyingi fedha hizi hutolewa kwa ajili ya vifaa. Mafuta, matengenezo na mafunzo huhesabiwa kuwa matumizi ya kawaida, nayo huachiwa wilaya ambayo mfuko wake ni mtupu. Tena fedha zikichelewa, zikaingia mwaka wa fedha ukikaribia kwisha, hununuliwa chochote kinachonunulika haraka kabla hazijarudi hazina. Boti hupatikana kwa wiki chache, lakini watu wa kuiendesha gizani kwenye maji ya kasi hawapatikani hivyo. Na vifaa haviwezi kulala tu vikisubiri maafa: betri isiyochajiwa huharibika, petroli iliyokaa miezi huchafua kabureta, dawa za kusafishia maji zina tarehe ya mwisho.

Bangladesh haikuwa tajiri ilipopoteza watu laki kadhaa katika kimbunga cha 1970, ikiwa bado sehemu ya Pakistan. Mwaka 1972, kwa kushirikiana na Msalaba Mwekundu, ikaanza kuandaa watu wa kujitolea wa kupita vijijini na vipaza sauti na bendera za tahadhari. Leo wamezidi 70,000. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua watu zaidi ya 3,000, msiba mkubwa, lakini mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa kabla hakijafika.

Na hili la wilaya mbili kurushiana simu lisichukuliwe kuwa dogo. New York, Septemba 11, 2001, polisi waliokuwa kwenye helikopta waliona jengo la pili kati ya yale majengo pacha yaliyoshambuliwa likielekea kuanguka, wakatoa onyo kwenye redio zao. Redio za zimamoto hazikuwa zimeunganishwa na mtandao huo. Wazimamoto 343 walikufa siku ile. Mkoa ambao wilaya zake hazisikilizani hauna maandalizi, hata ukijaza stoo mpaka darini.

Nanyi wanahabari mna sehemu yenu. Siku ya kukabidhi ile boti mwandishi wako alikuja na kamera, na picha ikatoka ukurasa wa mbele. Baada ya mafuriko hakuna aliyekuja kuuliza ilikuwa wapi. Mlihesabu nyumba zilizobomoka, mkaondoka.

Ombi langu ni hili. Katika kila ruzuku, fungu moja katika kumi litengewe mafuta, betri na mafunzo, na lisiguswe kwa ununuzi mwingine. Funguo za stoo ziwe tatu, kwa watu watatu wanaoishi mitaa tofauti, na namba zao zibandikwe mlangoni. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi alfajiri, boti ishushwe majini na mashine iwake dakika ishirini, huku wilaya zote zikiitana kwa redio. Jumatatu yake gazeti lako lichapishe jina la wilaya ambayo haikuitika. Mtumeni mwandishi yule yule wa picha. Mimi nitakuwa pale mtoni nimeshika kamba.

Wako,
Mjitoleaji wa huduma ya kwanza