Barua kwa Mwanaidi kuhusu Esther Vergeer

Tanga, Jumapili jioni

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Hapa nyumbani sote hatujambo, na barua yako imefika salama. Habari za mama na za shule nimezifurahia, lakini kuna sentensi moja nimeshindwa kuiacha ipite. Umeandika kwamba mtu akishinda mechi 470 mfululizo, maana yake hakuwa na wapinzani. Ndugu yangu, Esther Vergeer, yule Mholanzi aliyecheza tenisi kwenye kiti mwendo, ndiye mwanamichezo ninayempenda kuliko wote, na nataka umjue vizuri kabla hujamhukumu.

Tarehe 30 Januari 2003, mjini Sydney, alifungwa na Daniela Di Toro wa Australia. Tangu siku hiyo hakufungwa tena katika mechi za mmoja kwa mmoja, hadi alipotangaza kustaafu Februari 2013. Miaka kumi, Mwanaidi! Nakubaliana nawe kwa jambo moja: wanawake wanaocheza tenisi kwenye viti mwendo ni wachache kuliko wale wanaocheza kwa miguu. Ila uchache huo ulikuwapo kabla yake na haujaisha baada yake, na bado hakuna aliyemfikia. Mtazame Diede de Groot, Mholanzi mwenzake, tena mzaliwa wa mji uleule wa Woerden. Alibeba mataji yote manne makubwa ya tenisi (Australia, Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na Marekani) ndani ya mwaka mmoja, akarudia hivyo miaka mitatu mfululizo kuanzia 2021. Hata yeye, msururu wake wa ushindi ulikatika baada ya mechi 145, alipofungwa na Yui Kamiji wa Japani mwaka 2024. Hiyo haifiki hata theluthi ya 470.

Na wapinzani alikuwa nao, wengi wao kutoka nchini kwake. Ukitaka kuwaona, tafuta fainali ya Paralimpiki (michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu) ya Beijing, 2008. Vergeer alikutana na Korie Homan, Mholanzi pia. Mechi huchukuliwa na anayeshinda seti mbili: ya kwanza Vergeer alishinda 6-2, ya pili akapoteza 4-6, ya tatu wakaburuzana hadi Homan akafika mahali ambapo pointi moja tu ingempa medali ya dhahabu. Katika mechi zote zile 470, hiyo ndiyo mara pekee Vergeer alipobaki pointi moja kufungwa. Akaiokoa, kisha akamaliza 7-6. Mimi kila nikiitazama nasimama, ingawa matokeo nayajua. Katika Paralimpiki hiyohiyo, Homan na Sharon Walraven waliwafunga Vergeer na Jiske Griffioen kwenye fainali ya wawili wawili, kwa hiyo usidhani kwamba hakujua uchungu wa kukosa dhahabu. Mwaka uliofuata yeye na Homan wakacheza upande mmoja, wakashinda Wimbledon ya wawili wawili. Kule London 2012, medali zote tatu za mmoja kwa mmoja kwa wanawake zilichukuliwa na Waholanzi: Vergeer, Aniek van Koot na Griffioen. Hebu fikiria kuwa bora duniani huku wanaokukimbiza wanakujua tangu mazoezini.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe, maana nadhani hapa ndipo ulipomkosa. Uwanja ni uleule, wavu uleule, mpira uleule. Tofauti kubwa katika sheria ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na dundo la pili linaweza kuwa hata nje ya mistari. Miguu hairuhusiwi kugusa chini ili kusimamisha kiti au kukigeuza. Mkono uleule ulioshika raketi ndio unaosukuma gurudumu, na hakuna hatua ya pembeni: ukitaka kwenda kushoto, lazima kiti kizima kigeuke kwanza. Kiti kikisimama kabisa, kukianzisha tena kunakula muda na nguvu, kwa hiyo mchezaji mzuri hasimami. Akishapiga anazunguka, mara nyingine anaupa wavu mgongo kwa sekunde moja, kisha anarudi na mwendo wake ukiwa haujafa. Vergeer alikuwa hatari hapo. Anapopiga mpira huu, kiti chake tayari kinaelekea kwenye mpira ujao. Watu wanasifu mikono yake, ila mimi namwangalia anavyofanya kati ya pigo na pigo. Ndiyo maana sipendi kusikia akionewa huruma.

Habari za utoto wake nitazipitia haraka, kwani huwa zinasimuliwa mno hadi mchezo unasahaulika. Alizaliwa mwaka 1981. Alipokuwa na umri wa miaka minane alifanyiwa upasuaji kwa sababu ya tatizo la mishipa ya damu kwenye uti wa mgongo, akatoka amepooza miguu. Wakati wa matibabu ya kurudisha nguvu ndipo alipofundishwa michezo ya kwenye kiti. Na kumbe hakuanza na tenisi peke yake! Alicheza pia mpira wa kikapu, na mwaka 1997 alikuwamo kwenye timu ya taifa ya Uholanzi iliyochukua ubingwa wa Ulaya.

Kuna jambo moja linaniuma. Ana mataji makubwa 21 ya mmoja kwa mmoja, kutoka Australia, Ufaransa na Marekani, na dhahabu nne za Paralimpiki za mmoja kwa mmoja, kuanzia Sydney 2000 hadi London. La mmoja kwa mmoja la Wimbledon hana hata moja, kwa sababu Wimbledon ilianza kuweka mashindano ya mmoja kwa mmoja ya viti mwendo mwaka 2016, wakati yeye keshaondoka. Aliyenyimwa hapo si yeye peke yake, ni sisi pia tuliotaka kumwona akicheza mmoja kwa mmoja kwenye nyasi zile. Angalau jina lake liliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Tenisi kule Newport, Marekani, mwaka 2023.

Halafu nikuombe kitu. Yule kijana wa darasa lako uliyenisimulia, anayekaa kwenye kiti chake pembeni akiandika pointi za wenzake, mwingize uwanjani. Kiti chake cha kila siku hakina magurudumu yaliyoinama upande kama ya wachezaji, lakini kwa kuanzia kinatosha. Wewe cheza kwa miguu na dundo moja, yeye mpe madundo mawili. Sheria inaruhusu kabisa wawili wa namna hiyo kucheza pamoja. Likizo ya Juni nitakuja na raketi mbili, moja ni ya kwake. Niandikie kama mkono anaoutumia ni wa kulia au wa kushoto, na kama uwanja wa saruji pale shuleni bado una ule ufa katikati.

Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Rehema