Kwa shoga yangu fundi, juu ya nguo za wanasarakasi

Shoga yangu wa moyo,

Salamu nyingi kutoka Nairobi. Huku hatujambo, na baba ameanza kutembea tena, alhamdulillahi.

Nimefurahi sana kusikia vijana wanaocheza sarakasi kwenye mahoteli ya ufukweni wamekuletea kazi. Unaona aibu jinsi nguo zao zinavyoshika maungo, unataka kuzilegeza. Usizilegeze. Kitambaa kinachopwaya hunasa vidole vya anayedaka, au humfunika uso aliye kichwa chini. Hata Jules Léotard, Mfaransa aliyeruka kutoka bembea hadi bembea mjini Paris mwaka 1859, alivaa vazi la kubana mwili. Stara utaipata kwa mikono mirefu na suruali inayofika kifundoni.

Usimpime mtu akiwa amesimama tu. Mwambie achuchumae, apige msamba, ajipinde nyuma. Kisha pitisha futi kutoka begani, katikati ya miguu, mpaka begani tena. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama nguo itapasuka. Kwenye msamba na kwapani ongeza kipande cha pembe nne, ushone kwa ovaloki au zigizaga, maana mshono wa kawaida hukatika uzi nguo ikivutika.

Halafu muulize kila mmoja anacheza nini. Anayebeba wenzake kwenye piramidi, begani usimtie zipu wala vimetameti; atakayepanda pale yuko peku. Binti anayepanda vitambaa vya kuning'inia, mfunike kwapa na nyuma ya magoti, kwani kitambaa kikiteleza kwa kasi huunguza ngozi. Na yule anayepita chini ya ufito wa moto, nakusihi, mshonee pamba nzito tupu. Spandeksi, kile kitambaa kinachovutika, na nailoni zikishika moto huyeyuka na kugandia mwilini. Hata mkubwa wa kikundi akitaka wote wavae kitambaa kimoja, kataa. Wafananishe kwa rangi.

Madoa ya chui waliyokuomba mimi nisingeyashona, yamechosha. Chukua rangi za kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Zinaonekana hata kutoka meza ya nyuma kabisa, tena ni zetu. Kanga yenyewe iweke kifuani tu, haivutiki.

Shona moja kwanza, umpe mwenyewe aruke nayo mazoezini mpaka atokwe jasho, ndipo ukate nyingine. Spandeksi nitakutumia kwa basi la usiku. Niambie mita ngapi za kila rangi.

Wako akupendaye