Mkitangaza dawa mpya ya saratani, tuambieni inamfaa nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna habari za dawa mpya za saratani zinavyoandikwa. Nina saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mifupa na ini, na huu ni mwaka wa nne naishi nayo.

Majuzi binti yangu aliingia chumbani mbio, gazeti mkononi. "Baba, wamepata dawa!" Kichwa cha habari kilisema tiba ya saratani ya tezi dume imepatikana. Niliikata habari ile kwa mkasi, nikaihifadhi pamoja na majibu yangu ya PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii. Usiku ule sikupata usingizi, na safari hii haikuwa kwa sababu ya lile joto la ghafla linaloletwa na sindano za homoni, ambalo huniamsha fulana imelowa chapachapa.

Daktari aliisoma yote kabla ya kufungua kinywa. "Mzee, dawa hii ni ya kweli. Kwanza tuone kama itakufaa wewe." Ilikuwa dawa ya mionzi ya lutetiamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Dawa hiyo hujishikiza kwenye PSMA, protini inayokaa juu ya seli za saratani hii, kisha huzichoma seli hizo kwa mionzi ikiwa pale pale. Seli isiyo na PSMA haina pa kushikwa. Picha zangu zilionyesha kuwa uvimbe wa kwenye mifupa unayo, ule wa kwenye ini hauna. Sikufaa. Kumweleza binti yangu kulinishinda kuliko kuyapokea majibu yenyewe.

Habari ile haikugusia hayo. Wala haikusema kwamba katika jaribio kubwa la dawa hiyo, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 15.3, na kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake ilikuwa miezi 11.3. Tofauti ni miezi minne. Labda mwandishi aliona idadi hiyo itatuvunja moyo. Mhariri, mimi nahesabu maisha kwa sindano ya kila miezi mitatu, na miezi minne kwangu ni mingi. Naweza kuishukuru nikiambiwa ni minne. Kinachoumiza ni kuahidiwa kupona.

Matumaini ya kweli yapo, tena yana historia. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins alionyesha kuwa kumpunguzia mgonjwa testosteroni, homoni ya kiume, kunaidhoofisha saratani hii. Baada ya hapo ilichukua zaidi ya miaka 60, hadi dositakseli mwaka 2004, kupata dawa iliyothibitika kurefusha maisha pale tiba ya homoni inapochoka. Kisha zikaanza kufuatana: abirateroni mwaka 2011, enzalutamaidi mwaka 2012, na mwaka 2020 olaparibu, kwa wenye hitilafu katika jeni kama BRCA2. Abirateroni nimeimeza miaka miwili na ushei, alfajiri, tumbo tupu, mke wangu akilinda saa nisije nikaonja hata kipande cha mkate mapema. Ningeugua mwaka 2009, dawa hiyo ingekuwa bado ndani ya majaribio.

Kwa hiyo endeleeni kuziandika habari hizi, ila mwandishi amuulize mtaalamu: dawa ni ya hatua gani ya ugonjwa? Kipimo gani kinatangulia? Imeongeza miezi mingapi, na kwa madhara yapi? Kama bado iko kwenye majaribio, je, wagonjwa wanapokewa, na wapi? Mistari mitano inatosha.

Damu yangu imepelekwa kupimwa BRCA2 na majibu bado hayajatoka. Binti yangu bado ananiletea gazeti kila asubuhi, ila siku hizi hulisoma kwanza yeye, peke yake, sebuleni.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi